Muulize Fundi: Chenso ya mzee jirani, laki nane ni halali?

SWALI: Shikamoo fundi. Mi niko Mafinga, nina ekari tatu za paina, sasa hivi zina miaka 14. Kuna mzee jirani yetu alikua anapasua mbao enzi zake, ameacha kazi mgongo umechoka, sasa anauza chenso yake (msumeno wa mashine) Stihl 070 ya zamani, anataka laki nane. Anasema hicho ni chuma cha Mjerumani na kwenye mtandao kweli nimeona Wazungu wanazinunua hizi za kale kwa hela nyingi. Nilienda kuiona akaivuta mara moja tu ikawaka. Nataka nipasue mbao zangu alafu baadae niwe naikodisha. Nichukue au napigwa?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza achana na habari za Wazungu. Wengi wanaotoa hela ndefu kwa 070 na kaka yake 090 ni wakusanyaji, anaifuta vumbi anaiweka kwenye shelfu anawaonyesha wageni, we unaipeleka kwenye tope la Mufindi. Huku uzee haulipwi, kinacholipwa ni kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) na upatikanaji wa spea, na kwa spea 070 haina shida maana za kopi zimejaa madukani, ndo sababu mashine ambayo muundo wake ni wa miaka ya 1960 bado unaisikia inalia porini mpaka leo.

Unasema aliivuta mara moja ikawaka. Ulivyofika ilikua ya baridi au ya moto? Muuzaji yeyote, hata mzee wa watu asie na nia mbaya, akijua mteja anakuja anaiwasha mapema. Rudi siku ambayo hujamwambia, shika silinda kwa mkono, ikiwa ya baridi ndo mvute kamba. Kabla hujawasha ing'inize kwa kile kishikio cha stata: ikishuka taratibu kwa kukwamakwama kompresheni ipo, ikidondoka kama ndoo kisimani ringi zimekwisha. Ukipata fundi mwenye geji ya kupima kompresheni ni vizuri zaidi, 150 psi na kuendelea nafurahi, 120 inafanya kazi, chini ya 100 hesabu pistoni na silinda mpya. Alafu fungua ekzosi, ni bolti chache tu, umulike pistoni kwa tochi ya simu. Ukiona mistari imekwaruza kwenda juu na chini, hiyo ilishawahi kunyweshwa petroli yenye oili kidogo. Hapo muulize mzee alikua anachanganya oili gani na kiasi gani, muulize kistaarabu kama stori tu. Kwa lita 5 za petroli inatakiwa mililita 100 za oili ya Stihl, na kama ni oili nyingine ya tu-ti (2T, ile ya kuchanganya na petroli) weka 200. Akikwambia alikua anaweka oili ya injini ya gari iliyobaki bas unajua unanunua nini.

Ikishawaka iache ikae sailensa, yani ingurume bila kuigusa resi. Ikipanda resi yenyewe au ikawa inapanda na kushuka kuna sehemu inavuta hewa, mara nyingi ni sili za krenki. Shika flaiwili (ikiwa imezimwa jamani!) uitikise juu chini, ikicheza beringi zimekufa, na hapo gharama sio spea tena, ni kupasua mashine yote. Baa (ule ubapa ambao cheni inauzunguka), cheni na sproketi (gia inayozungusha cheni) angalia haraka tu, hizo kwa chenso ya kazi zihesabu zimekwisha hata kama zinaonekana nzima.

Sasa bei. Mi nafanya hivi: naenda kwa wakala naulizia mpya ya ukubwa huohuo, nagawa kwa mbili, hiyo ndo dari ya kongwe ambayo ni nzima kabisa. Kutoka hapo natoa baa, cheni na sproketi kwa bei ya duka, natoa pistoni na silinda kama zimekwaruza, natoa na hela ya fundi. Kinachobaki ndo thamani yake, na kikibaki laki tatu usione aibu kusema laki tatu, mwonyeshe mzee karatasi ya hesabu maana mtu mzima ukimtajia bei tu bila sababu anaona umemdharau.

Lakini mdogo wangu kuna kitu hujaniuliza. Paina ya miaka 14 ni mti mwembamba, na hiyo 070 ni sisi (cc, ukubwa wa injini) 106, zaidi ya kilo 10 hata baa hujafunga. Ni mashine ya magogo makubwa. Tena cheni yake inakula karibu milimita 9 kila ikipita, yani ukipita mara tatu umeshageuza ubao mzima wa inchi moja kuwa unga. Hapo Mafinga dingdong (mashine za kupasulia mbao) zimejaa, lipa wakupasulie, we tafuta chenso ndogo ya sisi 45 mpaka 60 ya kuangushia na kukatia matawi, hiyo hata majirani wataikodi zaidi. Kwa kazi yako mi hiyo 070 siitolei laki nane hata ingekua nzima. Labda kama una uhakika wa wateja wenye milingoti (mikaratusi) minene, hapo tunaweza kuongea.

Na nyingi za zamani hazina breki ya cheni, na mtetemo wake unaingia mpaka mfupani. Ukienda tena muulize mzee kuhusu vidole vyake, sio mgongo tu.

SWALI: Fundi habari, niko Molo, Kenya. Nimeonyeshwa pawa (chenso) ya Stihl ya zamani lakini imeandikwa Brazil, sio Germany. Mwenye kuuza anaapa ni orijino. Ni feki ama?

JIBU: Brazil peke yake isikutishe, Stihl wana kiwanda huko tangu miaka ya 1970. Na neno Germany nalo halithibitishi kitu, stika inachapishwa popote. Tafuta namba ya mashine iliyogongwa kwenye bodi, angalia kingo za plastiki na chuma kama zinakwaruza mkono, alafu ipeleke kwa wakala ailinganishe na mpya. Kopi pia inanunuliwa ila kwa bei ya kopi. Ukikuta namba imesagwa kwa tupa usiulize hata bei, rudi zako nyumbani.