Marejesho ya chama yanapotea kila programu inapofungwa

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni karani wa chama cha kuweka na kukopa hapa Morogoro, na Python nimejifunza mwenyewe. Nimeandika programu ndogo ya kutunza hisa na marejesho ya wanachama, ambayo huhifadhi kila kitu katika faili moja la SQLite, yaani hifadhidata ndogo inayokaa ndani ya faili, liitwalo chama.db. Kwenye kompyuta yangu ilifanya kazi miezi kadhaa bila kasoro. Nilipoigeuza kuwa faili moja la exe kwa PyInstaller, zana ya kufungasha programu za Python, na kuipeleka ofisini, mhasibu aliingiza marejesho ya siku nzima, akaifunga, na kesho yake akakuta orodha tupu. Katika msimbo nimeagiza faili likae pale pale ilipo programu. Data zimekwenda wapi, na nilitakiwa kuziweka wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, pole sana, kwa kuwa hizo ni fedha za watu. Kabla ya kueleza chochote, naomba uende kwenye kompyuta ya mhasibu, ubonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, uandike %TEMP%, kisha utafute folda ambazo majina yake yanaanza na _MEI na kufuatiwa na tarakimu. Kama kuna siku programu ilikatika ghafla, kwa umeme au kwa kulazimishwa kufungwa, huenda folda ya siku hiyo ingali ipo na chama.db imo ndani yake. Inakili mahali pengine mara moja, kabla mtu hajasafisha diski.

Jina hilo la folda ndilo linaloeleza kisa chote. Exe ya faili moja inayotengenezwa na PyInstaller ni furushi: kila inapofunguliwa hujikunjua ndani ya folda mpya ya muda, na inapofungwa salama huifuta folda hiyo pamoja na vyote vilivyomo. Bila shaka ulitumia __file__, jina ambalo Python hulitumia kutaja mahali lilipo faili la msimbo; ulipolitumia kutafuta mahali ilipo programu, jibu ulilopewa halikuwa mahali ilipo exe bali ndani ya folda hiyo ya muda, na marejesho yakaandikwa humo. Kilichoficha kosa ni tabia ya SQLite yenyewe, kwamba isipoliona faili uliloitajia hulitengeneza jipya bila kulalamika, kwa hiyo mhasibu hakuona ujumbe wowote wa hitilafu, aliona daftari jeupe.

Dawa si kulihamishia faili kando ya exe. Programu ikiwekwa ndani ya Program Files, mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuandika humo, na hiyo ni kinga nzuri ambayo hatupaswi kuizunguka. Windows imetenga mahali pa data za programu kwa kila mtumiaji, nako ni AppData, yenye Roaming kwa mambo yanayoweza kumfuata mtumiaji kutoka kompyuta moja hadi nyingine katika mtandao wa ofisi, na Local kwa yale yanayobaki kwenye mashine hiyo. Hifadhidata yako ni ya Local.

Nakusihi usiiandike njia hiyo kwa mkono, kuanzia C:\Users na jina la mtu. Jina la folda ya mtumiaji mara nyingi silo jina analolijua mwenyewe. Aliyeiwasha kompyuta kwa akaunti ya Microsoft hupewa folda yenye herufi tano za mwanzo za barua pepe yake. Mahali penyewe pia hubadilika: katika Windows XP data hizi zilikaa chini ya Documents and Settings, na Vista ilipowafikia watu mwaka 2007, zikahamia Users. Programu iliyouliza mfumo endeshi ilipewa jibu jipya, ile iliyokariri ikapotea njia.

Kuuliza kwenyewe ni mistari miwili. Maktaba ya Python iitwayo platformdirs ina kazi iitwayo user_data_dir, ambayo ukiipa jina la programu yako hukurudishia njia sahihi, iwe AppData\Local kwenye Windows, Library/Application Support kwenye Mac, au .local/share kwenye Linux. Kisha ita os.makedirs na exist_ok=True, yaani iunde folda hiyo kama haipo na isilalamike kama ipo, kabla ya kufungua hifadhidata, kwa sababu SQLite hutengeneza faili lakini haitengenezi folda, na utakwama ukijiuliza kwa nini faili halifunguki.

Kuna jambo hukulitaja ambalo kwa ofisi ya chama ni la lazima. Kama mhasibu na katibu wanatumia kompyuta moja, kila mmoja na akaunti yake ya Windows, AppData itawapa madaftari mawili tofauti, na hesabu hazitalingana kamwe. Hapo tumia C:\ProgramData, ambayo ni ya watumiaji wote na ambayo njia yake unaipata kwa site_data_dir ya maktaba ile ile. Kumbuka tu kwamba kwa kawaida faili lililoundwa humo na mtumiaji mmoja, mwenzake hulisoma bila kuweza kulibadili, hivyo wakati wa kusakinisha, msimamizi wa kompyuta aipe folda ya chama ruhusa ya kuandikwa na wote wawili.

AppData na ProgramData zote hufichwa, na mtu anayenakili Documents kwenye flashi akidhani amehifadhi kila kitu ataziacha nyuma. Weka kitufe cha kutoa nakala ndani ya programu, na kwenye dirisha kuu uonyeshe njia kamili ya chama.db, ili mhasibu aisome kwa macho yake kabla hajaingiza rejesho la kwanza.