Jibu: Nimetangaza riwaya, diwani na kitabu cha watoto lakini watu kimya

Salaam dadangu. Kwa hiyo uliweka stetasi moja ya WhatsApp kwamba vitabu vitatu viko njiani, watu wakalaiki wakanyamaza, na sasa wauliza utangaze vipi upya.

Kwanza angalia hapo kwa vitatu kwa mpigo. Msomaji hajui ashike kipi. Mi niko Lamu hapa, vitabu vyangu nachapisha na kuvitoa mwenyewe, na nionavyo taja kimoja tu, kile ambacho muswada umeisha kabisa, hivyo vingine sema viko jikoni basi. Halafu stetasi yafutika baada ya saa 24, kwa hivyo kusanya namba za wanaotaka kweli, watumie mwanzo wa hadithi na sio kava peke yake, tena usome kwa sauti yako kama dakika 2 hivi, watu wa pwani masikio yao yapenda kusimuliwa, utaona wanavyosambaziana.

Tarehe usiitaje mapema!! ISBN, ile namba ya kutambulisha kitabu, hapa Kenya hutoka Kenya National Library Service, uwe nayo kabla kava haijaenda kwa printa, na mzigo kutoka Nairobi ni basi mpaka Mokowe, gati ya huku bara, ndo uvuke na boti kuja kisiwani, mi printa mmoja alinichelewesha hadi waliolipa kwa M-Pesa wakawa wanitania pale Mkunguni, uwanja wetu wa hapa mjini Lamu. Siku hizi nasema "baada ya Maulidi" naishia hapo, siku kamili naitoa maboksi yakiwa nyumbani.

TikTok siitumii, hiyo waachie vijana wakujibu. Muswada gani umeisha kati ya hiyo mitatu?