Kwa mnaoanza kuandika vichekesho vya televisheni: mistari mingi itatupwa

Wadogo zangu, wiki iliyopita kijana mmoja wa timu yetu alinifuata akaniambia anaacha kazi. Ana wiki tano tu. Vichekesho vyake vimekatwa mara nne mfululizo, naye ameshaamini kwamba hana kipaji. Tulikaa ngazini nikamsimulia habari za Conan O'Brien, mchekeshaji aliyeongoza vipindi vya usiku vya televisheni, kwa sababu huyo ndiye aliyenizuia mimi nisiache nilipokuwa na umri kama wake.

Conan ni Mmarekani, alizaliwa 1963 huko Brookline, Massachusetts. Akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard aliongoza jarida la vichekesho la wanafunzi, na aliliongoza mara mbili. Baada ya hapo watu wengi hudhani alipanda jukwaani. Hapana. Alikaa chumbani kuandika. Mwaka 1988 aliingia Saturday Night Live, kipindi cha michezo mifupi ya kuchekesha, kama mwandishi, kisha akahamia The Simpsons, kichekesho cha katuni. Kwa miaka hiyo yote kazi yake ilikuwa kutunga maneno yatakayosemwa na mtu mwingine, huku jina lake likipita haraka mwishoni mwa kipindi wakati watu wameshainuka kwenda kulala. Najua wengi wenu mnataka kuonekana kwenye kamera mwezi huu huu. Nawaomba sana msikidharau chumba cha waandishi. Humo ndimo mtu anapojifunza kujua, bila kuambiwa, kwamba sentensi imezidi neno moja.

Mwaka 1993 mchekeshaji David Letterman aliondoka kituo cha televisheni cha NBC, na kipindi chake cha usiku cha vichekesho na wageni, Late Night, kikabaki bila mwenyewe. Prodyuza Lorne Michaels akampigania Conan apewe kiti hicho, mtu ambaye watazamaji hawakumjua kabisa. Alianza tarehe 13 Septemba mwaka huo, kutoka New York, saa 6:35 usiku wa huko, kwa hesabu yetu ya Kiswahili. Na alianza vibaya. Mhakiki Tom Shales wa Washington Post alimshambulia bila huruma. Wakubwa wa kituo nao hawakuwa na imani naye, ikafika mahali wakawa wanamwongezea mkataba wa wiki 13 tu kwa wakati. Hebu fikirini, unaajiri mwandishi huku hujui kama miezi mitatu ijayo nawe utakuwa na kazi.

Sasa sikieni kilichomwokoa. Kipindi cha namna ile kinarushwa usiku tano kwa wiki, saa nzima kila usiku. Asubuhi waandishi wanasoma habari, kila mmoja anatoa mistari yake, mchana kuna mazoezi, jioni wanarekodi mbele ya watu, usiku kinaruka. Kesho meza ni tupu tena. Hakuna nafasi ya kuomboleza mstari uliokatwa, kwa sababu kesho unadaiwa mingine. Mwezi Februari 1994 Letterman mwenyewe alikuja kuwa mgeni kwenye kipindi hicho, na alichosifia ni wingi wa kazi waliyokuwa wakiitoa, pamoja na ubora wake. Mimi nimeshika hilo neno wingi. Ubora ulikuja kwa sababu walikuwa wanatoa vingi na kutupa vingi. Mwaka 1996 Shales aliandika tena, safari hii akikiri kwamba mtu amebadilika kabisa.

Kipindi changu cha kwanza kilikuwa cha mara moja kwa wiki tu, na bado nilishindwa kutupa. Mchekeshaji wetu mkuu alikuwa na tabia ya kusoma karatasi zetu kwa sauti, amesimama mlangoni, kalamu ya bluu mkononi. Anasoma mstari mmoja, anasikiliza chumba. Kikicheka, anaweka alama. Kikinyamaza, anapitisha kalamu, wala hasemi neno. Siku hiyo nilileta mistari 40. Ikabaki mitatu. Mmoja kati ya iliyokatwa ulikuwa wa konda wa daladala na chenji ya mama mzee, nao niliupenda kama mwanangu. Nikautetea mpaka akaniachia. Jioni akausema mbele ya watu kama nilivyouandika. Kimya. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kamera ya pili, nikaona mpiga kamera ameinamisha macho kwenye nyaya. Usiku nikausoma tena nikauona ugonjwa wake: nilikuwa nimeeleza sura ya konda, rangi ya gari, na mvua, na panchi, yaani neno la mwisho la kuchekesha, ilipofika watu walikuwa wameshachoka. Kalamu ya bluu ilikuwa imeona hayo kwa sekunde tatu.

Turudi kwa Conan, maana kuna jambo la pili. Juni 2009 alipewa The Tonight Show, kipindi kikubwa cha usiku cha NBC, kiti ambacho kila mchekeshaji wa usiku Marekani alikiota. Hakumaliza hata miezi minane. Januari 2010 NBC ilitaka kumrudisha Jay Leno, aliyekikalia kiti hicho kabla yake, saa 5:35 usiku na kumsukuma Conan hadi saa 6:05. Kwetu dakika hizo 30 ni usiku uleule, lakini kwao ikishapita saa sita tarehe imeshageuka, na yeye aliandika wazi kwamba kipindi hicho kikianza siku inayofuata si kipindi hicho tena. Akaondoka. Katika usiku wake wa mwisho aliwaomba vijana wasiwe watu wa kubeza kila kitu; aliwaambia wafanye kazi kwa bidii na wawe wema. Kisha, kwa kuwa makubaliano yalimfungia televisheni kwa miezi kadhaa, alizunguka miji ya Marekani na Kanada akichekesha watu ukumbini. Novemba akaanza upya kwenye kituo kingine, TBS, akadumu hadi 2021.

Neno la wema si la kupamba hotuba. Wakati wa mgomo wa waandishi wa televisheni na filamu Marekani, mwishoni mwa 2007, vipindi viliposimama, Conan alilipa kwa fedha zake mishahara ya wafanyakazi wake wasio waandishi ili wasikose kodi. Mnapoingia studio, mjue mtu wa taa anaitwa nani na anayepaka poda anakaa wapi. Hao ndio chumba chenu cha kwanza cha kucheka.

Yule kijana hakuacha. Jumatatu alikuja na karatasi mbili zilizojaa pande zote, akaniuliza kama nina kalamu ya bluu.