Ladha ya sarafu baada ya upasuaji wa sikio
Dada wa Wete, umeuliza kwa nini mama, tangu apasuliwe sikio, anasema urojo una ladha ya sarafu. Mshipa mdogo wa fahamu unaobeba ladha kutoka sehemu ya mbele ya ulimi hupita nyuma ya ngoma ya sikio, na ukivutwa au ukikatwa wakati wa upasuaji, upande huo wa ulimi hufa ladha au huhisi chuma. Mimi, baada ya kupasuliwa, ukwaju niliuhisi upande mmoja tu, jambo la ajabu kwelikweli. Kwa wengi hali hupungua baada ya miezi kadhaa. Asizidishe chumvi, bali akamulie ndimu. Na kama anameza metronidazoli, dawa ya kuua vijidudu, amweleze daktari, kwani nayo huleta ladha hiyohiyo.