Muulize Bi Mkubwa: Babaangu kahama barazani, tumemkosea nini?

SUALI: Assalam alaykum Bi Mkubwa. Mie niko Wete. Babaangu ana miaka 71, alikuwa fundi wa mashine za boti, mtu wa watu khaswa, baraza ya jioni haimpiti na bao ndo usiseme. Sasa yapata mwaka hendi tena. Akishaswali magharibi anarudi moja kwa moja nyumbani, anakaa na redio yake kaifungua mpaka majirani wanasikia. Ukimsemesha anaitikia "ee, ee" halafu ulilomwambia halifanyi, wajukuu wakicheka anasema wanamcheka yeye, na juzi kamwambia mama eti siku hizi tunanong'ona makusudi. Kakaangu anasema ndo uzee huo, akili zishaanza kuondoka, tumwache. Mie roho inaniuma.

JAWABU: Wa alaykum salaam mwanangu. Hamjamkosea kitu. Na hayo ya kakaako yaweke kando kwanza, hebu niambie, masikio ya mzee yamepimwa lini? Maana yote ulotaja, redio, "ee ee", mnanong'ona, mie nayajua kwa sababu nimeyaona nyumbani kwangu. Siku moja kijukuu kamwambia mzee wangu "babu nipe simu", mzee kainuka taratibu kaenda nyuma ya mlango karudi na fimbo, mtoto kakimbia mpaka uwani akidhani anakuja kuchapwa, tulicheka sote na yeye akacheka. Usiku kaniambia, "Mie nlicheka tu, lakini nliona haya."

Sikio la mtu mzima halifungi mlango kwa siku moja. Linaanza kupoteza sauti nyembamba, zile s, f, sh, lakini a na o na u anazipata kama zamani. Ndo maana ukimuuliza anakwambia nasikia, na kweli anasikia, ila maneno yanamfikia yamekatwa vichwa, "simu" na "fimbo" kwake zinaanza sawasawa. Na sauti za watoto na za sie wanawake ndo zinazompotea zaidi. Ndani ya sikio kuna vinywele vidogo vidogo mno vinavyopokea sauti, vikishakufa havioti tena, na mtu aliyekaa miaka yote na mashine ya dizeli inamngurumia ubavuni, vyake vimekwenda mapema.

Sasa mchukue mtu huyo mkalishe barazani baada ya magharibi. Watu wanane wanasema kwa pamoja, vespa inapita, huku kete za bao, mmoja katoa mzaha wenzake wanaanguka kwa kicheko, yeye anatizama midomo apate japo nusu, na midomo yenyewe haioni vizuri kwa sababu kiza kishaingia na jicho nalo limezeeka (mtu wa miaka 60 mwanga unaofika ndani ya jicho lake ni kama theluthi tu ya ule wa kijana wa miaka 20). Kaulizwa bei ya karafuu kajibu habari za mvua. Mara mbili tatu za hivyo, mtu mwenye heshima zake anaona bora arudi kwake. Hajanuna huyo, anaona aibu. Na kakaako kaanzia mkiani, maana kutosikia na kukaa peke yako ni katika mambo yanayoongeza hatari ya maradhi ya kusahau, kwa hiyo huko kumwacha anakokusema ndo kubaya zaidi.

Mpelekeni hospitali. Kwanza wamtizame nta, mara nyengine ni nta tu imejaa, na nyie msimchokoe na vijiti vya pamba wala kumtia mafuta ya moto, nakuombeni. Halafu apimwe usikivu. Vipo vifaa vya kuvaa sikioni, bei yake sikufichi si ndogo, na wiki za mwanzo atavichukia. Lakini sikio likiziba ghafla kwa siku moja au linatoa usaha, hapo msingoje hata kesho.

Nyumbani acheni kumpigia kelele. Ukipiga kelele maneno hayawi wazi zaidi, unachoongeza ni uso wa ugomvi. Zima redio, kaa mbele yake penye mwanga, mguse bega ndo useme, na kama hakupata usirudie neno lile lile, geuza, badala ya simu sema "ile ya kupigia". Na baraza asiikose. Zungumza na swahibu yake mmoja awe anamfata mapema, alasiri, kabla watu hawajajaa, wacheze bao wawili. Bao halitaki masikio.

SUALI: Nina miaka 66, niko Makunduchi. Siku hizi naweza kushinda bila maji na kiu sina. Ndo mwili umekuwa imara?

JAWABU: Imara wapi bibi we! Kengele ya kiu ndo imepungua sauti, haja ya maji iko pale pale, na kizunguzungu unapoinuka kitandani kinaweza kutokea hapo. Kunywa kwa saa, si kwa kiu. Kama una maradhi ya moyo au figo, muulize daktari kiasi chako.

SUALI: Mamaangu kafika 70, kazi yake ilikuwa kulima mwani tu, hakuajiriwa hata siku moja. Pensheni jamii, ile ya serikali ya Zanzibar kwa wazee wa miaka 70, anapata?

JAWABU: Anapata, haiulizi uliajiriwa wapi. Ilianza Aprili 2016 kwa elfu 20 kwa mwezi ikaja kupandishwa hadi elfu 50. Anzeni kwa sheha wenu, yule kiongozi wa shehia, na kitambulisho chake cha Mzanzibari mkaazi mkononi. Mfate mwenyewe, na kama naye sikio moja limepungua, ukae upande wa lile zima, jina likiitwa asilikose.