Tumemfuta kwenye kompyuta, mlango bado unamfungukia

SWALI: Mimi ni katibu wa chama cha akiba na mikopo, Mwanjelwa, Mbeya. Chumba cha hesabu kina mashine ya kutambua sura. Karani aliyekuwa msimamizi wa mashine hiyo aliacha kazi mwezi uliopita, tukamfuta kwenye kompyuta. Juzi alikuja kuchukua vitu vyake, akasimama mbele ya mashine, mlango ukafunguka! Fundi anasema mashine imeshaikariri sura yake, hivyo ni lazima data yote ifutwe tusajiliwe upya. Ni kweli?

JIBU: Si kweli, Ndugu Katibu, na usikubali ifutwe.

Hii habari ya mashine "kuikariri" sura naisikia kuanzia Tunduma hadi Makambako, na wanaoieneza ni watu wanaolipwa kwa kazi hii. Mashine haimzoei mtu kama mlinzi wa getini. Siku ya kusajiliwa, kamera hupima sura na kuhifadhi vipimo chini ya namba ya mtumiaji. Chini ya namba hiyohiyo ndipo penye kadi yake, namba yake ya siri, milango na saa anazoruhusiwa, na cheo chake: mtumiaji wa kawaida au msimamizi. Namba hiyo ikiondoka kweli, sura haina cha kulinganishwa nacho. Wapo wanaofuta sura peke yake wakaacha kadi na namba ya siri, kisha wanashangaa mtu anavyoingia.

Kwako, umesema mlimfuta kwenye kompyuta. Programu ya kompyuta ina orodha yake na mashine ina yake, na ya mashine ndiyo inayofungua mlango. Kama mabadiliko hayakutumwa, au waya wa mtandao ulikuwa umechomoka, mashine haina habari kwamba karani ameondoka. Kinyume chake pia hutokea: unamfuta kwenye mashine, programu inamrudisha usiku kwa sababu kwenye orodha yake bado yumo. Futa kote kuwili, kisha hakikisha kwenye menyu ya mashine yenyewe.

Ila kabla ya kufuta chochote, fungua kumbukumbu za mlango utafute dakika ile aliyopita. Ukikuta namba yake, basi hakufutwa. Ukikuta namba ya mtu mwingine, hapo kuna kazi. Alikuwa msimamizi, na msimamizi anaweza kuisajili sura yake chini ya namba ya mwenzake au ya mtumiaji wa kubuni. Pitia orodha nzima, jina kwa jina, na kila usiyemfahamu aulizwe ni nani. Usipokuta chochote, iache sura, kagua kitufe cha kutokea kilicho ndani na kufuli lenyewe. Kufuli la sumaku huachia umeme ukikatika, na kama betri ya akiba imekufa, mlango unafunguka kwa yeyote atakayeusukuma.

Unaona sasa fundi wako alitaka kufuta nini? Ushahidi huohuo wa nani aliingia chumba cha hesabu mwezi mzima.

Halafu sajili wasimamizi wapya wawili kabla ya kumwondoa wa zamani. Baadhi ya mashine zikibaki bila msimamizi, menyu inafunguka kwa kila anayebonyeza. Wawili wanatosha, nimeona ofisi ambako wafanyakazi wote ni wasimamizi "ili kurahisisha kazi".

Sasa niwaambie na wengine mnaosoma, maana karani aliyeacha kazi si mgeni pekee kwenye mashine zenu. Nenda kwenye orodha ya watumiaji, tazama namba 1. Mara nyingi ni fundi aliyefunga mashine, akiwa na cheo cha msimamizi, miaka baada ya kulipwa hela yake. Na yule wa "nitakufutia niwasajili upya" huondoka na flashi yenye sura za wafanyakazi wako mfukoni, ileile anayochomeka kwa mteja wa kesho. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za kibayometriki, yaani vipimo vya mwili kama sura, kwenye kundi la taarifa nyeti. Atakayeulizwa zikivuja ni taasisi iliyozikusanya, fundi atakuwa ameshabadilisha laini ya simu.

Kwa hiyo nakala ya akiba ichukuliwe kwa flashi ya ofisi, ikafungiwe kabatini. Namba ya siri aliyoiacha fundi kwenye mashine na kwenye programu ibadilishwe akiwa ameshatoka chumbani. Na siku ya makabidhiano ya mfanyakazi anayeacha kazi, mwondoe kwenye orodha, mwambie asimame mbele ya kamera, mlango ukimkatalia ndipo umalizie malipo.