Soma TOGAF yenyewe kabla ya kulipia mafunzo

Mtu akiamua kuingia kwenye usanifu wa taasisi, swali lake la kwanza huwa ni mkufunzi gani au chuo gani akilipe ada. Ni swali la haki, ila linakuja mapema mno. Aliyesoma hata sura chache za andiko la TOGAF, mwongozo wa namna ya kufanya kazi hii, kabla ya kujisajili huingia darasani na maswali yake. Ambaye hajasoma lolote huingia na daftari tupu, na mafunzo ya siku chache yanaisha kabla hajatambua ni wapi hakuelewa. Andiko hilo linasomeka bure kwenye tovuti ya The Open Group, shirika linaloitoa TOGAF na mitihani yake, kwa hiyo hakuna haja ya kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kwanza ijue kazi yenyewe, maana mtihani mzima wa cheti cha TOGAF umesimama juu yake. Msanifu wa taasisi kazi yake si kuandika programu wala kufunga seva. Yeye huhakikisha kwamba shughuli za shirika, data zake, programu zake na mitambo inayozibeba vinakwenda pamoja, na kwamba shirika likitaka kubadilika linajua linatoka wapi, linakwenda wapi na litapitia vituo gani. John Zachman aliliweka wazo hili mezani mwaka 1987 kwa makala iliyotoka katika jarida la IBM, na inasomwa hadi leo. TOGAF ilizaliwa 1995, ikijengwa juu ya kazi iliyokuwa imefanywa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Toleo la 9 lilitoka 2009, likafuatwa na 9.1 mwaka 2011 na 9.2 mwaka 2018. Toleo la 10 likaja Aprili 2022.

Miaka hiyo inakuhusu wewe unayetafuta mafunzo. Toleo la 10 lilipanga upya andiko lote: sasa kuna sehemu ya msingi yenye vitabu sita, na pembeni yake kuna miongozo inayoeleza mada mojamoja kwa kina. Mawazo makuu hayakubadilika sana, lakini mpangilio, baadhi ya majina na mitihani vilibadilika. Ukiletewa vitini vya 9.2 kwa ajili ya mtihani wa toleo la 10, utapoteza muda mwingi ukitafuta vitu mahali ambapo havipo tena. Basi jambo la kwanza la kumuuliza mkufunzi ni toleo analofundisha, na akujibu kwa namba.

Kuna pia suala la cheti gani hasa. TOGAF ni njia ya kufanya kazi. ArchiMate, ambayo nayo iko chini ya The Open Group, ni lugha ya kuchorea usanifu. Inasaidia sana, lakini inaweza kusubiri. Open CA, cheti cha msanifu kutoka shirika hilohilo, ni kitu kingine kabisa: hapo hujibu maswali ya kuchagua, bali unawasilisha maelezo ya kazi ulizofanya, kisha unasailiwa na wasanifu wenzako. Hiyo ni ya mtu aliyekwisha kufanya kazi hii miaka kadhaa. Kwa anayeanza, mimi ningeshauri TOGAF bila kusita, na ningeshauri alenge sehemu zote mbili za mtihani. Sehemu ya kwanza peke yake inaonyesha tu kwamba unayajua majina ya vitu.

Sehemu ya kwanza ina maswali 40 kwa dakika 60, na huruhusiwi kufungua kitabu. Ukipata 24, yaani asilimia 60, umefaulu. Sehemu ya pili ina maswali 8 tu kwa dakika 90, na andiko unaweza kulifungua. Wapo wanaofanya zote kwa pamoja siku moja, maswali 48. Kama unafanya kazi mchana na kusoma usiku, zitenganishe. Ya kwanza inapima kumbukumbu na ya pili inapima uamuzi, na maandalizi yake hayafanani.

Sehemu ya pili ndiyo inayowaangusha watu, kwa hiyo ielewe namna inavyohesabiwa. Kila swali ni kisa kirefu chenye majibu manne. Jibu bora lina alama 5, linalofuata 3, la tatu 1, na la nne halina kitu. Jumla ni alama 40 na unahitaji 24. Sasa piga hesabu: mtu akichagua jibu la pili kwa ubora katika visa vyote 8, anapata alama 24 kamili na anafaulu. Maana yake ni kwamba kazi yako ya kwanza katika kila kisa ni kulitambua jibu lisilo na alama na lile la alama 1, uyaondoe. Ukibaki na mawili, hata ukikosea kati yake bado uko kwenye njia. Watahiniwa wengi hufanya kinyume: wanatafuta jibu linalowapendeza, wanalishika, kisha wanayapitia mengine harakaharaka.

Kuna jibu la mtego linalojirudia katika visa hivi. Kisa kinasema wakuu wa idara hawakubaliani, au mkurugenzi ana wasiwasi kuhusu usalama wa data, na wewe uliyetoka kwenye teknolojia unavutwa na jibu linalotaja mfumo mpya. Mara nyingi kisa hakiulizi mfumo. Kinauliza ni wadau gani wa kuzungumza nao, wasiwasi wao uandikwe wapi, na waonyeshwe mchoro gani ili waone kwamba wamesikika. Soma kisa ukijiuliza mambo mawili: mimi ni nani hapa, na tuko awamu gani ya kazi (TOGAF inazipa herufi A hadi H, nitazieleza chini)? Jibu zuri la awamu A likiwekwa kwenye kisa cha awamu F linakuwa jibu baya, hata kama kila neno lililomo ni kweli.

Sasa turudi kwa mkufunzi. The Open Group ina orodha ya mafunzo iliyoyaidhinisha, na ni vyema kuanzia hapo. Ila idhini inathibitisha kwamba mada zote zimo, haithibitishi kwamba mwalimu anajua kufundisha. Muulize amewahi kufanya usanifu katika shirika gani na nini kilimshinda huko. Aliyeifanya kazi atakueleza mahali ambapo andiko na hali halisi havikukutana, na alifanyaje. Muulize pia ni saa ngapi za darasa zinakwenda kwenye visa vya sehemu ya pili. Kama sehemu kubwa ya muda ni kusomewa slaidi, afadhali ubaki nyumbani usome mwenyewe, maana kusoma slaidi unaweza. Unachokilipia ni mtu wa kukubana akitaka umweleze kwa nini umechagua jibu hili ukaacha lile, tena akakataa sababu yako hadi uipate iliyo sahihi.

Uliza kama ada ya mtihani imo ndani ya malipo au ni pembeni. Na anayekuahidi kufaulu kwa uhakika, muulize uhakika huo unatoka wapi. Baadhi hutegemea maswali yaliyoibwa kutoka kwenye vyumba vya mitihani. Usiyaguse. Unavunja masharti unayoyakubali siku ya mtihani na unaweza kunyang'anywa cheti, tena majibu yake mara nyingi ni ya kukisia. Zipo karatasi za mazoezi zinazotolewa na The Open Group yenyewe. Kumbuka pia kwamba cheti cha kuhudhuria mafunzo si cheti cha TOGAF. Kile kinachotambulika hutolewa na The Open Group baada ya mtihani, na wala hulazimiki kupita darasani ili uufanye.

Katika maandalizi, kiini ni ADM, ile mbinu ya kuendeleza usanifu. Ina awamu ya utangulizi, kisha A hadi H, na katikati kuna usimamizi wa mahitaji unaogusa awamu zote. Kukariri herufi ni kazi ya jioni moja. Kazi yenye faida ni kufuatilia hati zinavyotembea. Awamu A inakupa dira na hati ya kazi ya usanifu, ambayo lazima ikubaliwe na waliokutuma kabla hujaendelea. Awamu B, C na D zinafanana kwa mwendo: unaeleza hali ya sasa, unaeleza hali inayotakiwa, unatafuta mapengo, unapendekeza vipande vya ramani ya kufikia huko. B inahusu shughuli, C inahusu data na programu, D inahusu teknolojia. Awamu E inakusanya mapengo yote na kuuliza ni kazi gani zitayaziba, na kama safari inahitaji vituo vya katikati. F inapanga utekelezaji kwa gharama, faida na vipaumbele. G inasimamia wajenzi kwa mikataba ya usanifu na ukaguzi. H inapokea maombi ya mabadiliko na kuamua kama ni marekebisho madogo au ni wakati wa kuanza mzunguko upya.

Chukua karatasi tupu, uchore mzunguko huo bila kuangalia popote, kisha kwa kila awamu andika hati moja inayoingia, moja inayotoka, na sababu yake. Rudia hadi sababu zije zenyewe. Ukijua kwa nini hati ya awamu A inahitaji kuidhinishwa, hutahitaji kukariri kwamba inaidhinishwa.

Baada ya hapo fanya zoezi dogo la kweli. Tuseme maktaba inayoandika wasomaji kwenye daftari inataka watu waazime vitabu kwa simu. Tengeneza jedwali la mapengo: mistari iwe vitu vilivyopo leo, nguzo ziwe vitu vitakavyokuwepo kesho. Mwisho wa mistari ongeza mstari wa vitu vipya, na mwisho wa nguzo ongeza nguzo ya vitu vilivyoondolewa. Utakuta, kwa mfano, kwamba daftari la faini halimo kesho. Hapo jedwali linakulazimisha ujibu: limeondolewa kwa makusudi, au limesahaulika? Napenda sana zoezi hili, kwa sababu ndani ya saa chache linakuonyesha kwa nini mashirika huzindua mifumo mipya kisha yakagundua kazi muhimu haina mwenyewe. Ukishaliona hilo kwa mkono wako, visa vya mtihani havitakutisha.

Kuhusu ruhusa ya kufungua andiko katika sehemu ya pili, usiitegemee. Dakika 90 kwa visa 8 ni kama dakika 11 kwa kila kimoja, na kisa chenyewe kinachukua muda kusoma. Andiko linakuwa kwenye skrini ya kompyuta, huleti nakala yako yenye alama za kalamu. Anayelifungua afungue akijua tayari ni kitabu gani kati ya vile sita na sura ipi. Jizoeze hilo wiki za mwisho: jiulize jambo, kisha lipate kwenye skrini kabla ya dakika moja kupita.

Mtihani uko kwa Kiingereza kizito cha kiofisi, na visa ni virefu. Kama lugha hiyo inakuchelewesha, ulizia utaratibu wa kuongezewa muda kabla ya kupanga tarehe, si baada. Hakikisha jina ulilojisajili nalo linafanana na la kitambulisho chako herufi kwa herufi. Katika sehemu ya kwanza jibu maswali yote, kwa kuwa jibu lisilo sahihi halipunguzi alama.

Ukikosa kufaulu, utasubiri mwezi mmoja kabla ya kurudia. Chukua karatasi ya matokeo, angalia maeneo uliyoteleza, na rudi kwenye sura hizo za andiko badala ya kuanza upya toka ukurasa wa kwanza. Mwezi huo unatosha.